Siku moja ya kutafuta wadhamini wa mashindano ya uvuvi, Watamu, pwani ya Kenya

Saa 11 alfajiri, ufukweni

Kazi huanzia kwa manahodha, kabla hawajatoka. Tunataka hesabu tatu: mashua ngapi zitaingia, kila moja itabeba wavuvi wangapi, na itakula lita ngapi kwa siku nzima ya kukokota chambo. Tuchukue mashua 20, watu 4 kila moja, lita 150 kwa siku. Kwa siku mbili hizo ni lita 6,000 za dizeli. Namba hiyo ina nguvu kuliko sifa zote za bahari yetu.

Hapohapo tunatazama jedwali la maji. Siku za bamvua, yaani za maji makuu, bahari hupanda hadi ikang'oa mabango yaliyosimikwa mchangani, na mdhamini aliyelipia bango hulikuta likielea. Chagua tarehe za maji mafu, yasiyopanda sana, au simika juu ya mstari wa mwani mkavu. Ramadhani nayo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, basi tarehe ya mwaka jana usiinakili tu. Manahodha na mabaharia wengi hapa hufunga.

Saa 2 asubuhi, barua

Ukurasa mmoja, na neno "msaada" lisionekane. Mfanyabiashara hununua mahali jina lake litakaposimama na idadi ya macho yatakayoliona. Mpangilio unaotufaa: mdhamini mkuu mmoja kwa shilingi 300,000, wadhamini wa siku wawili kwa 100,000 kila mmoja, wadhamini wa zawadi sita kwa 30,000. Jumla ni 680,000. Chini ya kila kiwango andika anachopata: ukubwa wa bango, nafasi kwenye fulana, meza ngapi kwenye chakula cha kufunga mashindano.

Kanuni tusiyoivunja ni hii: mambo ya lazima yalipwe na ada za washiriki. Mashua ya usalama, waamuzi, mizani iliyokaguliwa, huduma ya kwanza. Mashua 20 kwa 15,000 ni 300,000, na bajeti ya lazima isivuke hapo. Fedha za wadhamini ziende kwenye zawadi na sherehe. Mdhamini akijitoa wiki ya mwisho, zawadi zitapungua lakini hakuna atakayeingia baharini bila mashua ya uokoaji. Na zawadi ya fedha isitangazwe kabla fedha hazijaingia benki.

Saa 3 na nusu, kituo cha mafuta

Hapa ndipo lita 6,000 zinapofanya kazi. Usiombe bei maalumu, omba punguzo kwa lita. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei mpya za juu kabisa zinazoruhusiwa kila tarehe 14 ya mwezi, zikaanza kutumika tarehe 15. Ukikubaliana bei kamili leo, mwezi ujao mmoja wenu ataumia na maneno yatatokea. "Shilingi 5 kwa lita chini ya bei ya siku" husimama vyovyote bei itakavyokwenda, na kwa lita zile ni shilingi 30,000, yaani kiwango cha mdhamini wa zawadi. Mwambie meneja pia kwamba hatapata mpinzani: kila aina ya biashara mdhamini mmoja. Kamati mbili zikiahidi vituo viwili nafasi hiyohiyo, mtawapoteza wote wawili, na mwaka unaofuata pia.

Saa 5, hoteli

Hoteli haipendi kutoa fedha taslimu, lakini ina vyumba. Omba malazi kama zawadi, na uandike yote: usiku ngapi, watu wangapi, chakula kimo au hakimo, mwisho wa kutumia ni lini, siku zipi hazikubaliwi. Mshindi akifika Desemba na barua isiyotaja siku, atarudishwa mlangoni, na lawama itawaangukia nyinyi.

Saa 8 mchana, benki

Meneja wa tawi ana kiwango chake kidogo. Zaidi ya hapo barua huenda makao makuu, na kampuni nyingi hufunga bajeti ya mwaka kabla Desemba haijaisha. Kwa mashindano ya Januari, barua ya Novemba imechelewa. Ifike Agosti.

Mhasibu ataomba PIN ya KRA (mamlaka ya mapato), akaunti ya benki yenye jina la klabu na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi, kwa hiyo hata meneja anayewapenda atakwama. Namba ya simu ya mtu binafsi usiitoe kabisa.

Saa 10 jioni, kwa mchapishaji

Nembo iliyotumwa kama picha ya WhatsApp hubanwa, na kwenye bango la mita 3 itatoka ukungu mtupu. Omba faili la PDF la mbunifu wao, na waidhinishe rangi kwa maandishi kabla ya kuchapa.

Sehemu tunayoipenda kuliko zote ni bendera. Mashua inaporudi hupandisha bendera kwa kila sulisuli au nduaro, samaki wakubwa wenye mdomo kama mkuki, aliyeachiliwa. Jina la mdhamini likiwa pale, kila mtu ufukweni ataliona likiingia kutoka baharini. Hilo ndilo jibu kwa mdhamini anayetaka kupigwa picha na samaki aliyening'inizwa. Sulisuli wetu hupigwa tagi, kibandiko chenye namba, na kuachiliwa hai, na African Billfish Foundation, yenye makao hapahapa Watamu, hutunza kumbukumbu za tagi hizo. Mpe mdhamini picha ya samaki ubavuni mwa mashua, kichwa kikiwa majini, pamoja na namba ya tagi. Samaki huyo akinaswa tena miezi kadhaa baadaye, mtumie habari. Barua kama hiyo tumeiona ikibandikwa ukutani ofisini, na kusaini tena kunakuwa rahisi.

Saa 1 usiku, daftari

Safu tano: jina, nani anaamua, aliahidi nini, lini, hatua inayofuata. Ahadi ya mdomo huingia kama sifuri hadi itiwe sahihi. Aliyesema "nitawapigia" huandikiwa Alhamisi saa 4 asubuhi, na tunampigia sisi.