Mwili wangu naujua

Tangu Jumapili maneno ya Ba'mkubwa yamenikaa kooni kama mwiba wa perege. Sendofu ya mdogo wetu imepita salama, kituoni tumepata mganga mfawidhi mpya, na bado nikilala namwona pale barazani, juu ya mkeka, kikombe cha kahawa chungu mkononi.

"Dawa unatumia, Ba'mkubwa?"

"Natumia."

"Kila siku?"

"Mwili wangu naujua, mwanangu. Presha ikipanda, kisogo kinagonga. Kikitulia, kidonge nacho nakipumzisha."

Nikampima. 172 kwa 98, na kisogo kimetulia tuli.

Kinachoniuma ni kwamba nusu ya maneno hayo ni yangu. Kila siku kliniki nawaambia watu wasikilize miili yao. Na kweli mwili husema: kizunguzungu ukiinuka ghafla, kuamka mara tatu usiku kwenda haja ndogo. Lakini presha haina sauti yake. Kisogo huuma kwa mto mrefu, kwa kukosa usingizi, kwa mawazo. Mwenye 180 anaweza kulima mpaka adhuhuri asihisi kitu. Presha ikija kusema, husema kwa mdomo kupinda, mkono kulegea, kifua kubana, na hapo ni kukimbilia hospitali, si kusubiri. Tena amlodipini, dawa yake ya presha, huchukua kama wiki ya kumeza kila siku hadi nguvu yake itulie mwilini. Kuimeza kwa ajili ya kisogo cha leo ni kumwagilia mchicha siku ya kuuchuma.

Nikamfanyisha zoezi la kupima mtu anavyouhisi moyo wake, aliloliandika Rainer Schandry, mwanasaikolojia Mjerumani, mwaka 1981: kaa kimya, usijishike popote, hesabu mapigo ya moyo wako kwa kuyahisi tu. Tulitumia nusu dakika. Yeye akapata 22. Mimi nilimshika mshipa kwenye kifundo cha mkono, nikapata 39.

Alinyamaza. Kisha akanitazama mkono.

"Na wewe hicho kipimo chako, mwanangu, ndivyo mlivyofundishwa? Juu ya kanzu?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Mkanda nilikuwa nimeufunga juu ya nguo. Yeye alikuwa ametoka kunywa kahawa, mguu juu ya mguu, mgongo hauna pa kuegemea, mkono umelala pajani chini ya usawa wa moyo, na mazungumzo hayajakatika. Karibu kila kimoja hapo huongeza namba. Namwambia mzee awe mkweli, huku namba niliyomtishia nayo ni ya uchochoroni.

Tukarudia. Tulingoja nusu saa, akaenda haja ndogo, akakaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili chini, dakika 5 bila neno. Mkono bila nguo, mezani, usawa wa kifua, mkanda vidole viwili juu ya kiwiko. Mara mbili, dakika moja katikati: 158 kwa 94, 156 kwa 92. Bado iko juu, ila hii sasa ni yake.

Nikamwachia mashine na daftari. Asubuhi kabla ya chai na kidonge, jioni kabla ya kula, mara mbili kila wakati, siku 7. Siku ya kwanza tunaitupa, zinazobaki tunatafuta wastani. Nyumbani ukifika 135 kwa 85 ni presha. Safu ya mwisho nikaichora mwenyewe: umemeza au hukumeza, na kwa nini.

Jana akanitumia picha ya daftari. Jumatatu, amemeza. Jumanne, amemeza. Jumatano: "Sijameza. Viatu."

Viatu! Nimecheka peke yangu jikoni mpaka wali ukaungua. Vifundo vinamvimba jioni, viatu vya msikitini haviingii, na hiyo ni kazi ya amlodipini yenyewe, inajulikana. Miezi yote kisogo kilikuwa kinasingiziwa. Hili daktari analiweza: kupunguza dozi, kuongeza dawa ya aina nyingine pembeni, au kubadilisha kabisa. Kisingizio cha kisogo hakina dawa, viatu vinayo. Kliniki yake ni Jumanne na daftari anakwenda nalo, nimemwahidi kwamba safu ile hataulizwa kwa ukali.

Ila paka wangu, Shombe, hajaonekana tangu juzi usiku. Dagaa wake wako vilevile bakulini, na jirani ameanza kutega panya kwa sumu.