Bibi wa Ujiji alivyonizimisha simu

Kutoka Tabora hadi Kigoma sina la kusimulia ila magoti. Basi la viti vitatu kwa viwili, na mimi nikaangukia kile cha katikati. Gesti walinitoza 35,000 kwa chumba chenye feni ya kutazama tu, haizunguki. Asubuhi bodaboda akataka 10,000 kunifikisha Ujiji. Nikamwambia pikipiki siinunui, nikapanda daladala.

Nilikuwa nimetumwa. Mtoto wa kaka yangu yuko chuoni, na kazi yake ya mwisho ni simulizi ya kwenye simu, dakika kumi na mbili, inayotakiwa kusikilizwa palepale kwenye makumbusho ya Livingstone. "Shangazi, kaa chini ya mwembe, isikilize, uniambie kama imekugusa." Bando la kuipakua nililipa mimi.

Sanamu za wale wazungu wawili, mmisionari Livingstone na mwandishi wa habari Stanley, wanaosalimiana kofia mkononi nilizipita haraka, pamoja na mnara wenye ramani ya Afrika. Nikaketi chini ya miembe inayosemekana imetokana na ule waliokutania mwaka 1871, nikaweka hedifoni.

Inaanza na gazeti kuukuu. Mwaka huo Livingstone alikuwa Nyangwe, kule Manyema, mashariki ya Kongo, ameishiwa karatasi, ikabidi aandike shajara yake juu ya gazeti la London kwa wino wa mimea. Wino ukafifia hata hausomeki. Wataalamu wakaja kuzipiga picha zile kurasa kwa mianga ya rangi mbalimbali, kompyuta ikatenganisha mwandiko na chapa ya gazeti, na mwaka 2011 maandishi yakatolewa hadharani. Basi kijana wetu amefanya hivi: unapangusa kioo kwa kidole, herufi za gazeti zinayeyuka, mwandiko wa mzee unapanda juu. Tarehe 15 Julai. Wafanyabiashara wa pembe na watumwa wanafyatua bunduki gulioni, watu wanakufa kwa mamia, wengi wao kina mama waliokuja kuuza vyakula, wengine wanazama mto Lualaba wakikimbia. Nilipangusa mara tatu. Kidole changu ndicho kilichokuwa kinawafukua wale kina mama, na sikuweza kukiondoa.

Baada ya hapo inaingia sauti ya msichana aliyefungwa mnyororo kwenye msafara, akililia mama yake, na violini nyuma. Machozi yakanitoka, sikatai.

"Mwanangu, kuna msiba?"

Bibi muuza karanga alikuwa amesimama mbele yangu. Nikampa shikamoo, nikamweleza, nikampa upande mmoja wa hedifoni. Tukasikiliza sikio kwa sikio, yeye amefumba macho. Dakika mbili hazikwisha akaichomoa.

"Huyu mtoto anaitwa nani?"

"Hana jina, bibi."

"Na yule mzungu?"

"Stanley."

"Haya. Na hiki kinachokwaruza hapa nyuma ni nini?"

Nikasema ni violini. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kutoka Manyema mpaka hapa ni miezi, mama. Miezi yote analia tu? Hakuna siku aligombea maji na mwenzie? Hakuna aliyejikwaa wakacheka?" Kisha akakaa. "Mimi Mmanyema. Bibi yake mama yangu alikuja kwa njia hiyohiyo."

Mkono wangu ukaenda kwenye kitufe cha kurekodi kabla sijajua nafanya nini. Akauona.

"Zima. Zima kabisa."

Nikazima. Alisimulia mpaka adhana ya adhuhuri. Kuna mahali aliimba, kuna mahali alicheka, na jina alilitaja. Siliandiki hapa.

Njiani kurudi mjini nilikuwa nawaza Kwihara, kwetu Tabora. Lile tembe Livingstone alilokaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi hadi Agosti, tulikuwa tunapelekwa na shule, tunapanga mstari, tunaambiwa alilala hapa, aliandikia hapa. Wapagazi wenyewe je? Ukoo wetu sisi Wanyamwezi hakuna asiyejisifu kwamba babu alibeba mzigo hadi pwani, lakini muulize yeyote babu huyo alikuwa anaimba nini mzigo ukimuuma begani. Bibi yangu huenda alijua. Alikuwa hai mpaka nina miaka kumi na saba, na siku zote nilizokaa naye jikoni nilimuuliza chumvi iko wapi.

Usiku kijana akapiga. "Imekugusa, shangazi?"

"Ile ya gazeti, mpaka leo kidole kinawasha. Hii ya pili umeniliza kwa nguvu. Toa violini, mpe mtoto jina, na mahali fulani acha acheke."

Nikamweleza habari za bibi. Akanikatiza: "Umemrekodi?"

"Amenikataza."

Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza nauli ya basi la kuja Kigoma ni kiasi gani, na kama yule bibi hukaa pale kila siku.

Nikamwambia aje na chenji. Karanga alizouzia wenyeji 500, mimi alinitoza 1,000.