Mistari Mitatu Juu ya Embe

Mwaka 1997 nilipangiwa darasa la kwanza katika skuli moja ya shamba kaskazini mwa Pemba, si mbali na Konde. Watoto 56, madawati hayatoshi, wengine wakikaa chini kwenye jamvi. Nilikuwa kijana na nilishika jambo moja kwa imani yote: mtoto mdogo haanzishwi kutoa kwa tarakimu tupu. Mpe picha kwanza.

Asubuhi hiyo niliwahi kabla ya kengele, nikachora ubaoni embe saba zenye majani ya chaki ya kijani. Embe tatu nikazipiga mstari. Chini yake nikaandika 7 − 3.

"Zilikuwa saba, zimetolewa tatu. Zimebaki ngapi?"

Wakainamia madaftari. Nilipopita kusahihisha, karibu wote wameandika 7. Wachache 3. Na binti mmoja mwembamba, aliyekaa jamvini karibu na mlango, ameandika 10.

Wale wa saba sikukawia kuwaelewa. Mmoja alinyoosha kidole ubaoni akazihesabu moja moja, zenye mstari na zisizo nao. Kweli, zilikuwa palepale. Mdomo wangu unasema zimetolewa, macho yake yanaziona. Lakini ile 10 ilinishinda. Nikachutama karibu naye.

"Hebu nihesabie, mwanangu."

Akahesabu embe mpaka saba, kisha bila kusita akaingia kwenye mistari: nane, tisa, kumi.

"Na hii mistari ni nini?"

"Pishi, Maalim."

Ulikuwa msimu wa karafuu. Asiyekulia Pemba pengine hajui: mchumaji hulipwa kwa kipimo cha pishi, na jioni karafuu zikipimwa, lazima hesabu iwekwe mahali isipotee. Kwao bibi yake aliiweka ukutani kwa mkaa, kando ya mlango wa uani, kila pishi mstari mmoja. Mtoto yule ameuona mstari tangu hajajua kusema sawasawa, na siku zote mstari ni kitu kilichoingia. Nami nimekuja na chaki yangu nautaka mstari uleule uondoe! Kosa halikuwa lake.

Kesho yake nikajaribu kufuta. Nilichora saba, nikafuta tatu kwa kitambaa, wote wakajibu nne. Nilifurahi kwa muda mfupi tu. Nilipowauliza mwanzo zilikuwa ngapi, wengi wakanitazama kimya. Wamehesabu zilizopo, basi; hakuna aliyetoa chochote.

Siku ya tatu niliwapa wao chaki. Binti yule akachora mti, embe nne chini yake, halafu mtu anayekwenda zake na pakacha kichwani, na ndani ya pakacha embe tatu.

"Huyu nani?"

"Mama. Anazipeleka sokoni."

"Kwanza zilikuwa ngapi?"

Akahesabu za chini, akaendelea na za pakachani. "Saba."

"Na zilizobaki?"

"Nne. Zile zishakwenda."

Mpaka leo naona hapo ndipo nilipofundishwa kazi yangu. Kinachotolewa lazima kiwe na pa kwenda, na mtoto akione kinakwenda. Tukachora wiki nzima: samaki wanane kwenye mtungo, watatu wameuzwa, mayai yaliyokwisha kaangwa, vifaranga waliobebwa na mwewe, na mwewe yule kila mtoto alitaka kumchora yeye. Picha ileile tukaisoma na kinyumenyume. Mama akirudi na embe zake tatu hakuuza hata moja, zitakuwa ngapi pale nyumbani? Saba, wakaitikia, na hapo kujumlisha na kutoa vikakaa pamoja bila mimi kueleza sana.

Siku chache kabla ya skuli kufungwa niliwapa 9 − 4. Binti yule alikuwa wa kwanza kumaliza. Daftarini mwake mna viduara tisa tu, vinne vimepigwa mstari, na pembeni 5. Mti hakuna, mama hakuna.

"Pakacha liko wapi leo?"

Akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza.

"Ndiyo hili, Maalim. Kulichora lote kunachelewesha."