Uso wa Baba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu juma hili ni 2 Samweli 13 hadi 18, ila naomba niliingie kupitia Adolescence, tamthilia ya Uingereza iliyotoka Machi 2025. Ina sehemu nne, kila moja imepigwa mfululizo bila kukatwa hata mara moja, kwa hiyo mtazamaji hapati pa kukwepea.

Jamie Miller ana miaka 13. Asubuhi na mapema polisi wanavunja mlango, wanamkuta kitandani, anajikojolea kwa hofu. Anatuhumiwa kumuua kwa kisu Katie, msichana wa shuleni kwao, na kabla sehemu ya kwanza haijaisha video inaonyesha kuwa ni kweli.

Baba yake, Eddie, ni fundi bomba. Yeye alilelewa kwa kipigo cha mkanda, akaapa kwamba wanawe hatawafanyia hivyo, na kiapo akakitunza. Wengi wanaoizungumzia tamthilia hii hukimbilia mambo ya mtandaoni, na wana haki. Mimi nimenaswa na uwanja wa mpira. Eddie alimpeleka Jamie kucheza, mtoto hakuwa na kipaji, wababa wengine wakacheka. Jamie anamsimulia mwanasaikolojia kwamba baba alikuwa akitazama pembeni. Sehemu ya mwisho Eddie mwenyewe anakiri kwa mkewe: mtoto alikuwa akimtafuta kwa macho, naye akashindwa kumtazama.

Sisemi uso ule ndio ulioshika kisu. Lisa, dada yake Jamie, amekulia nyumba ile ile na ni binti mwema. Ila tusome habari za Daudi.

Amnoni, mwana wa Daudi, alipomnajisi Tamari, dada yake wa baba mmoja, mfalme Daudi alikasirika sana (13:21). Kisha? Hatuambiwi alifanya lolote. Baada ya miaka miwili Absalomu, ndugu wa Tamari, akaagiza Amnoni auawe, akakimbilia nchi ya Geshuri miaka mitatu. Aliporudishwa, Daudi akaagiza asiuone uso wake. Miaka miwili mizima kijana anakaa Yerusalemu, mji mmoja na baba yake, hawaonani! Ikabidi alichome moto shamba la shayiri la Yoabu, jemadari wa Daudi, ndipo asikilizwe. (Wa namna hii kwetu huitwa mtoto mtukutu, na shauri huishia hapo.) Mwishowe Daudi akambusu, 14:33. Mazungumzo hayakuandikwa. Mstari unaofuata Absalomu anajiwekea gari, farasi, na watu 50 wa kupiga mbio mbele yake. Kile kilio cha 18:33, “mwanangu, mwanangu Absalomu”, kilikuja mtoto amekwisha kumwasi baba yake na kuuawa vitani, hawezi tena kukisikia.

Kila ibada tunabarikiwa kwa maneno ya Hesabu 6, Bwana akuangazie nuru za uso wake, nasi tunaitika amina kwa sauti. Basi niwaulize akina baba: mtoto akikosa penalti, akisahau shairi mbele ya kanisa zima, akirudi na matokeo mabaya, wewe unatazama wapi?

Kuna askari mwanamke katika tamthilia anayelalamika kwamba Jamie atakumbukwa na Katie atasahauliwa. Amesema kweli, hata mimi nimeandika aya nyingi juu ya wababa. Kwa hiyo kwenye jumuiya zetu tusianzie kwa Absalomu. Tuanze sura ya 13, mstari wa kwanza, tumsome Tamari na maneno aliyomwambia Amnoni, bila kuiruka kwa sababu watoto wapo.