Kutoka Mwambani Hadi Leiden: Safari ya Kuitambua Spishi ya Tumbawe Laini

Nilisafiri kwenda Leiden, Uholanzi, nikiwa na vipande vya tumbawe laini visivyozidi ukubwa wa kidole gumba, kwa sababu moja tu: kielelezo ambacho kingeweza kulivunja dai letu la spishi mpya kilikuwa kimehifadhiwa huko.

Vipande hivyo vilitoka katika mteremko wa mwamba wa Bahari ya Hindi. Kabla ya kukata chochote tulipiga picha za koloni zima, kisha za polipu, yaani vinyama vidogo vinavyounda koloni, zikiwa zimejikunjua, kwa kuwa tumbawe laini likishatiwa katika ethanoli hujikunyata, hupoteza rangi, na kubaki pande la kijivu lisilotofautiana na mengine. Fomalini huhifadhi umbo, lakini huharibu DNA, kwa hiyo tuliiepuka. Polipu zilikuwa na minyiri minane yenye vitawi pembeni, alama ya oktokorali wote, kundi kubwa ambamo tumbawe laini limo, na zilikuwa za aina moja tu, si mbili kama katika jenasi nyingine za tumbawe laini, Sarcophyton na Lobophytum. Hilo, pamoja na umbo la skleriti zake, yaani chembe ngumu zilizo ndani ya nyama, lilituelekeza kwenye kundi (jenasi) ambalo kwa muda mrefu liliitwa Sinularia, jina alilolitoa mwanasayansi May mwaka 1898. Ni kundi lenye spishi zaidi ya 150, na mtu anayedai kuwa ameona mpya humo anapaswa kwanza kuzimaliza za zamani.

Safari yenyewe ilicheleweshwa na karatasi kuliko bahari. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inawataka watafiti wawe na ridhaa ya nchi yenye viumbe kabla ya kutumia vinasaba vyao, na kwa maoni yangu ni haki, hata inapomchosha msafiri. Tena ethanoli hushika moto kwa urahisi, hivyo vipande havikusafirishwa ndani ya mitungi iliyojaa, bali vilifungwa katika shashi iliyolowa kidogo, mfuko ndani ya mfuko.

Kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol hadi Leiden ni mwendo mfupi wa treni. Jumba la makumbusho la Naturalis lina vielelezo vingi vya Verseveldt, mtafiti wa matumbawe laini, ambaye mwaka 1980 alichapisha huko Leiden mapitio ya jenasi hiyo baada ya kuchunguza vielelezo vya waandishi waliomtangulia. Bila kazi yake tungepotea, kwa sababu maelezo mengi ya karne ya 19 ni mafupi mno, mengine hayana hata mchoro mmoja wa skleriti, na kwa ufupi huo yanaweza kuzienea spishi kumi kwa pamoja. Ndiyo maana jina la kisayansi hufungwa kwenye kielelezo kimoja kilichoteuliwa spishi ilipoelezwa, yaani holotaipu, wala si kwenye maneno yaliyoandikwa juu yake.

Skleriti ni chembe za kalsaiti zilizotawanyika katika nyama ya tumbawe, na ndizo zinazobeba hoja. Ukitia kijipande katika hipokloriti ya sodiamu, nyama huyeyuka na skleriti huzama. Huoshwa, hukaushwa, hupakwa dhahabu nyembamba, kisha hutazamwa kwa hadubini ya elektroni. Lazima tabaka la juu litenganishwe na la ndani, na ncha zitenganishwe na shina, la sivyo picha hazimwelezi mtu lolote. Juu hukaa rungu ndogo za takriban sehemu ya kumi ya milimita. Ndani hukaa vijiti vinene vilivyochongoka ncha zote mbili, vingine virefu kiasi cha kuonekana kwa macho matupu.

Kwa bahati njema, slaidi za holotaipu nyingi zilikuwa zimeshatengenezwa, hivyo sikulazimika kugusa kisu. Koloni yetu ya kwanza ilikuwa na rungu za aina iitwayo leptoclados, kwa jina la spishi aliyoieleza Ehrenberg mwaka 1834, na vijiti vyake vya ndani vililingana na vya slaidi moja kiasi kwamba niliiondoa katika orodha asubuhi ileile. Ya pili haikulingana na yoyote. Rungu zake zilifanana na za kielelezo nilichokuwa nikikihofia, lakini vijiti vya shina vilikuwa na chunusi zilizosongamana, ilhali vya kielelezo hicho vilikuwa na chunusi chache zilizoachana.

Skleriti peke yake hazikutosha. Mitokondria za oktokorali zina jeni ya mutS, ambayo haipatikani katika mitokondria za wanyama wengine, nayo hutumika sana kulinganisha spishi. Hata hivyo hubadilika polepole, na spishi zilizo karibu huweza kuwa na mfuatano uleule. Tuliongeza jeni ya 28S, iliyo katika kiini cha seli, na zote mbili zikaitenga koloni ya pili.

Lilibaki suala la jenasi. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalizihamishia spishi nyingi za Sinularia katika Sclerophytum, jina la mwaka 1903, hivyo lebo za mitungi mingi zina jina ambalo vitabu vipya havilitumii tena. Yetu iliangukia Sclerophytum. Holotaipu itawekwa makumbushoni pamoja na slaidi za kila sehemu ya koloni, ili atakayekuja na kipande chenye shaka asilazimike kuikata tena.