Tak! kati ya bashraf na wimbo: hatimaye nimeikomesha

Imekwisha ile tak! iliyokuwa ikisikika kati ya traki mbili za CD yetu ya taarabu. Jana usiku nimeitia CD kwenye redio ya gari ya mjomba, bashraf, ule muziki wa ala wa kufungulia, ikaenda, kodiani ikashika ile sauti yake ndefu ya mwisho, na shangazi akaingia na ubeti wa kwanza bila pengo wala mlio. Nikairudisha nyuma nikasikiliza tena, maana sikuyaamini masikio yangu.

Mtaniuliza kwa nini CD zama hizi za flashi. Jibu ni hilo gari la mjomba, na redio za kina bibi ambazo hazina tundu la flashi. Taarabu hii tumewarekodia wao, sebuleni, feni imezimwa na madirisha yamefungwa, jasho linatutoka. Miksi yenyewe haikunisumbua sana. Sauti ya shangazi nimeikata chini ya 80 Hz, fidla nimezitenga kulia na kushoto, besi na dumbaki zimekaa katikati.

Kilichonitoa roho ni mpaka kati ya traki ya kwanza na ya pili. Bashraf yetu haikatiki: ala zote zikitulia, kodiani inabaki na noti moja, na wimbo unaanza juu ya noti hiyohiyo. Nataka ziwe traki mbili, mwenye haraka aruke, lakini anayesikiliza moja kwa moja asijue kama kuna mpaka.

Programu ya kuchomea CD iliyokuja na laptopu ikanipa sekunde 2 za kimya. Hilo tunalijua: inaandika traki moja, inafunga, inaanza nyingine. Nikahamia ImgBurn, inayoandika diski yote kwa mkupuo mmoja, yaani DAO (disc-at-once). Pengo likaondoka, ikabaki tak! Ndogo, kama ukucha unaogonga ukingo wa kikombe. Kwenye spika unaweza kudhani ni dumbaki. Kwenye hedifoni haivumiliki.

Nikabadilisha diski, ikawapo. Wenzangu wakashauri nichome polepole, 8x badala ya 48x. Ushauri mzuri kwa redio kuukuu zenye lenzi iliyochoka, lakini tak! haikujali kasi, ilirudi palepale. Nikaisikiliza miksi ndani ya Reaper, programu ninayochanganyia, ni safi kabisa. Basi inazaliwa njiani.

Dawa ilikuwa kuinyonya CD irudi kwenye kompyuta kwa Exact Audio Copy na kuivuta picha ya wimbi mpaka sampuli, vile vipimo vidogo vinavyounda sauti ya dijitali, zionekane moja moja. Nikamwona mwizi kwa macho. Wimbi la kodiani linashuka vizuri, halafu ghafla mstari mnyoofu juu ya sifuri, halafu wimbi linaibuka tena mahali pengine. Nikahesabu: sampuli 212 za sifuri tupu. Haifiki hata milisekunde 5, lakini katikati ya noti iliyoshikwa, sikio halisamehi.

Sababu ni kwamba CD ya muziki haikati popote unapotaka. Sekunde moja imegawanywa fremu 75, na kwa 44,100 Hz, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, kila fremu ina sampuli 588. Traki lazima iishie ukingoni mwa fremu. Bashraf yangu ilipotolewa kama faili lake peke yake, fremu ya mwisho ilikuwa na sampuli 376 tu, na programu ikaijaza iliyobaki kwa sifuri. Juu ya hayo mradi wote ulikuwa 48,000 Hz, kila faili likashushwa hadi 44,100 peke yake, kwa hiyo kingo zenyewe zisingekutana sawasawa hata kama hesabu ya fremu ingetimia.

Sasa sitoi tena wimbo mmoja mmoja. Natoa albamu nzima kama WAV moja, naishusha hadi 44,100 mara moja, ditha (kelele ndogo sana ya kuficha makosa ya kukadiria) mara moja tu wakati wa kwenda biti 16, kisha mipaka naiandika kwa mkono kwenye faili la CUE, maandishi yanayoiambia programu kila traki inaanzia wapi:

TRACK 02 AUDIO
INDEX 01 06:14:41

Hiyo 41 ya mwisho ni fremu, si sehemu ya mia ya sekunde, inaishia 74. Kuipata, fungua WAV kwenye Audacity, weka kipimo cha muda kwenye fremu za CDDA, yaani za CD ya muziki, washa kunata (Snap), na kishale chenyewe kitakaa ukingoni. Sauti haikatwi popote, CD inaambiwa tu traki ya pili inaanzia wapi.

Na tafadhali, MP3 isikaribie kazi hii. Inaongeza kimya chake mwanzoni mwa faili, utaitafuta tak! mpaka uote mvi. Wale wanaobana sauti mpaka wimbi liwe tofali nao sijawaelewa. Taarabu inataka pumzi, udi ukipigwa taratibu usikike umepigwa taratibu.

Wiki hii nilipanga kushughulikia dumbaki iliyovuja kwenye maiki ya udi. Imeahirishwa, kwa sababu hilo faili la CUE limenionyesha jambo jingine. Kuna INDEX 00, eneo linalotangulia traki. Anayeruka wimbo anatua kwenye INDEX 01 na halisikii kabisa, anayeacha CD iende analisikia, na kwenye redio nyingi saa inahesabu kurudi nyuma. Huko ndiko nataka kuweka yale tuliyoyakata: fidla zikitafuta sauti, mzee wa udi akikohoa, na shangazi kabla ya wimbo wa tatu akisema, “Chai ishapoa, tuanzeni.”

Nimeshaandika ya wimbo wa tatu, sekunde 11, na inafanya kazi. Shangazi ameisikia na anataka ifutwe. Mjomba anasema ikifutwa, hiyo CD haiingii kwenye gari lake.