Hivi noon ni saa ngapi hasa?

Ukifanya kazi na wageni hapa Arusha hili neno noon utakutana nalo kila siku, mgeni anatuma meseji nifuate hotelini noon, karatasi ya hoteli inasema mwisho wa kutoka chumbani ni noon, na wote tunajua ni saa sita mchana, maisha yanaendelea. Ila zamani noon ilikuwa saa tisa alasiri, na sitanii.

Iko hivi. Limetoka kwenye Kilatini, nona hora, saa ya tisa. Warumi walikuwa wanaanza kuhesabu saa za mchana jua likichomoza, na watawa wakapanga sala zao kwa hesabu hiyo hiyo, kuna sala ya saa tatu, ya saa sita, ya saa tisa, kama vile sisi adhuhuri na alasiri tumezipata kwenye swala. Waingereza wa kale wakilitamka neno hilo walikuwa wanamaanisha saa tisa, halafu kuanzia miaka ya 1100 kwenda 1300 huko likawa linarudi taratibu mpaka likatua saa sita. Sababu inayotajwa sana ni njaa bwana! Siku za kufunga watawa walikuwa hawali mpaka sala ya saa tisa ipite, basi sala ikawa inawahishwa kidogo kidogo. Mimi hiyo naiamini, nimeishi na watu wa Kwaresima.

Sasa kinachonichekesha ni kwamba wageni ndio wanatuona sisi tumegeuza saa, anaangalia mkononi saa inasoma 7 afu dereva anamwambia saa moja, anashangaa kweli kweli. Kumbe kuhesabu kuanzia asubuhi ndio mtindo wa zamani, na kwetu unakaa vizuri zaidi hata kuliko kwa Warumi wenyewe, maana kule saa za mchana zilikuwa zinarefuka kiangazi na kufupika baridi, huku karibu na ikweta jua linatoka muda ule ule karibu mwaka mzima. Chukua Marko 15, giza kuanzia saa sita hadi saa tisa. Bibi yeyote wa Moshi anaelewa hapo hapo ni mchana kweupe, ila anayesoma kwa Kiingereza akikuta sixth hour inabidi kwanza aelezwe.

Tatizo la kweli kazini ni hii 12 p.m. Zile herufi ni Kilatini pia, a.m. ni kabla ya jua kufika katikati na p.m. ni baada ya hapo, sasa saa sita mchana yenyewe si kabla wala si baada, ndio maana hata wenye lugha yao wanabishana. Wengi siku hizi 12 p.m. wanamaanisha mchana, ila usiweke dhamana. Fikiria mtu wa kupanda Kilimanjaro, kutoka kambi ya Barafu kwenda kileleni watu wanaanza kama saa sita usiku, ukimwandikia 12 tupu na tarehe unaweza kumpoteza siku nzima. Mimi naandika noon au midnight kwa herufi, au 12:00 na 00:00, basi.

(Tena ukitaka ubishi zaidi, Arusha jua halifiki utosini saa sita kamili, saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki na sisi tuko kama nyuzi 37, kwa hiyo ni saa sita na nusu hivi.)

Na mgeni akienda stendi mwenyewe mwambie mapema, konda akisema basi la Dar linaondoka saa kumi na mbili asitafsiri hiyo 12 akalala zake, maana akija hiyo noon yake basi liko Korogwe huko.